Fundi Aliyepika Busaa kwa Stima

Mgeni akifika Kibomet, mtaa wa mji wa Kitale, akiulizia Fundi, alielekezwa nyumba ya pili baada ya kinu cha posho, ile yenye lango la mabati lililopakwa rangi ya kijani likaachwa nusu. Akibisha, alifunguliwa na mama mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja.

"Mama, tunatafuta Fundi. Yuko?"

"Yuko. Sema shida."

Mgeni alianza kuchungulia nyuma yake akitafuta mwanamume. Niliyaona hayo mara nyingi kutoka upande wangu wa ua wa michongoma, na sikumsikia hata siku moja akijieleza. Alingoja tu, mpaka mgeni mwenyewe atambue na aone haya.

Mimi nilikuwa muuguzi katika zahanati ya mtaa, kwa hiyo aliniita Sista, kama walivyoniita wote. Tulikaa tukitenganishwa na ua huo miaka saba, na sidhani kulikuwa na wiki moja ambayo sikuwa na hofu kwa ajili yake. Afadhali niseme mapema: mimi ni mtu wa hofu. Labda ni kazi iliyonifanya hivyo, labda niliichagua kazi kwa kuwa nilikuwa hivyo tayari. Nikisikia kelele, najiuliza ni nani ameumia. Nikisikia kimya, najiuliza vilevile. Na banda la Fundi, hatua ishirini kutoka dirisha la jikoni mwangu, lilikuwa na vyote viwili: pampu ikinguruma, kisha kimya, kisha pampu tena.

Ndani ya banda hilo alikuwa anajenga mtambo wa kupika busaa, pombe yetu ya unga na kimea, kwa stima, yaani umeme. Na hakutaka mtambo wa kusimamiwa. Alitaka unaojiendesha wenyewe, umwagie unga na kimea, ubonyeze swichi, uende zako sokoni.

Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kiwanda kimoja cha maziwa, akiangalia mitambo ya kupasha maziwa moto na kuyapoza. Kiwanda kilipofunga milango, wenzake waliondoka na viti na sufuria. Yeye aliondoka na mapipa matatu ya chuma kisichoshika kutu, yaliyokuwa yakiuzwa kama vyuma chakavu, na kichwa kilichojaa vipimo vya joto.

"Maziwa na busaa ni ndugu," aliniambia. "Zote zinataka joto yake. Ukizidisha, umeua. Ukipunguza, imelala."

Na Kitale, kwa baridi yake, busaa hulala sana. Mwezi wa Julai, mama anayepika kwa njia ya kawaida huzungushia chombo blanketi, huweka makaa kando, huamka kuchungulia, na bado siku ya tatu anaweza kukuta uji mchachu usio na uhai. Fundi alikataa habari ya blanketi. Unga wake uliovundikwa ulikaangwa kwenye kikaango kilichokaa juu ya sahani ya umeme, na ndani yake mkono wa chuma ulizunguka polepole ukikoroga, ukisukumwa na mota ya waipa aliyoitoa kwenye lori bovu. Pipa la kwanza lilichemsha maji. La pili lilipokea unga uliokaangwa pamoja na kimea cha wimbi, likakaa vuguvugu siku tatu. La tatu lilikuwa la kuchujia. Kati yao palikuwa na mabomba na pampu moja ndogo, na ukutani sanduku la chuma lenye taa tatu na kengele. Thamostati iliwasha koili, ule waya wa joto ndani ya pipa, pipa likipoa, ikaizima likishika joto, na kila mara ilitoa mlio mdogo: tak. Niliusikia nikiosha vyombo. Ukichelewa, nilitoka nje nikaita kuomba chumvi.

"Sista," alinijibu siku moja bila kutoka bandani, "wewe chumvi yako inaisha kila saa. Si uniulize tu kama nimekufa?"

"Umekufa?"

"Bado. Nafunga nati."

Sikuwahi kumwona akinywa. Wala kuonja. Alipika pombe miaka yote hiyo na haikupita midomo yake hata tone, maana alikuwa Mkristo wa kanisa lisiloruhusu, na hakuona kwa nini kazi yake ibadilishe ahadi yake. Kanisa lenyewe liliona. Akina mama walianza kuhama benchi moja mbele, kisha benchi mbili, hadi Jumapili moja nikamkuta amekaa peke yake kwenye safu nzima, kitabu cha nyimbo mkononi, akiimba sauti ya pili kana kwamba amezungukwa na kwaya. Baada ya ibada nilimwuliza kama haikumwuma.

"Iliniuma," alisema. "Lakini benchi ni refu, nimenyoosha miguu."

Kwa kuwa hakuonja, alinifanya mimi niwe ulimi wake. Aliniletea kikombe kupitia pengo la ua na kalamu juu ya sikio. "Uchachu? Kimea kimetoka? Inakwaruza hapa ama hapa?" Aligusa koo lake mwenyewe juu, kisha chini. Nami, ambaye zahanatini niliwaambia watu waache pombe, nilikuwa nimesimama kwenye sukumawiki zangu asubuhi nikionja na kutema, nikiomba asipite mtu anayenijua.

Kulikuwa na barua pia. Siku hizo busaa ilipikwa kwa kuogopa. Chifu angeweza kukuandikia ruhusa kwa ajili ya arusi, matanga au tohara, lakini ukipikia nyumbani bila barua, askari walikuja, wakamwaga, wakakubeba na vyombo vyako. Fundi hakutaka kupika hata debe moja bila barua. Alienda kwa chifu kila alipobadilisha kitu kwenye mtambo.

"Mama, hizi arusi zenu haziishi?" chifu alimwuliza mbele yangu.

"Si arusi. Ni majaribio."

"Majaribio haiko kwa fomu."

"Basi andika hivyo, ati haiko kwa fomu."

Chifu aliandika arusi. Fundi alizitunza barua zote kwenye mfuko wa plastiki uliotundikwa msumarini bandani, na chini ya neno arusi, kwenye kila moja, alikuwa ameandika kwa penseli: majaribio. Nilimwambia penseli hiyo ndiyo itakayomfunga. Alisema uongo ni wa chifu, yeye ameusahihisha tu.

Mtu huyu asiyeogopa stima, aliyeweza kufungua sanduku lenye waya kama utumbo wa mbuzi akiwa anazungumzia bei ya viazi, aliogopa moto. Hakuwa na jiko la makaa. Hakuwa na mafiga. Stima ikipotea, alikula mkate na maziwa baridi, na ikipotea siku mbili alikula hivyo siku mbili. Nikimpelekea ugali wa moto alishukuru sana, lakini kuja kukaa jikoni mwangu kuni zikiwaka, hapana, alisimama mlangoni. Sijui sababu. Nilimwuliza mara moja tu, akaniangalia kwa namna iliyonifanya nikumbuke nina nguo za kuanua.

Watu walidhani anajenga mtambo ule kwa tamaa ya biashara. Mimi najua siku alipoanza. Wanaume wanne waliletwa zahanatini mchana, wamekunywa kitu kutoka mtungi wa plastiki ambao hakuna aliyejua umetoka wapi. Wawili hatukuwawahi. Wa tatu alipona. Wa nne alikuwa dereva, zamani aliendesha lori la maziwa la kiwanda kile, na alikuwa akiniuliza mbona tumezima taa. Palikuwa na jua hadi kwenye kitanda chake. Fundi ndiye aliyekuja kumchukua, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine mjini. Alimshika kiwiko, akamwambia hapa kuna ngazi, hapa kuna jiwe, mpaka barabarani.

Jioni, jua likizama, aliniita uani.

"Sista, wewe unawaambia waache. Wameacha?"

"Hawajaacha."

"Hawataacha. Basi wacha wanywe kitu yenye mtu anajua ndani iko nini."

Wiki hiyohiyo mapipa matatu, yaliyokuwa yakikusanya maji ya mvua, yaliingia bandani.

Yule dereva alikuja mara nyingi baadaye kukaa kwenye benchi nje ya banda na kusikiliza pampu. Alisema inamkumbusha kazini.

Sitaki ionekane kwamba kila alichojenga kilifaulu. Kuna wakati aliamua kufanya busaa kama walivyofanya maziwa: ikiwa tayari, pipa la tatu liipashe hadi kiwango fulani ili isiendelee kuchacha. Alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Ilikaa wiki nzima bila kubadilika. Alimwita bibi mmoja mzee, mpishi maarufu wa busaa kutoka upande wa Bungoma, aje aipime. Bibi alikaa, akapewa kikombe, akakiweka sikioni kwanza. Akasikiliza. Akakirudisha mezani bila kunywa.

"Hii imekufa," alisema.

"Kukhu, haijakufa, imetulia," Fundi alimwambia, akimwita nyanya kwa lugha ya kwao.

"Maiti pia hutulia. Mimi nasikiliza busaa yangu. Inaongea tsss, tsss. Hii umeiua na hiyo stima yako, sasa unaniletea ninywe mwili."

Siku ya tatu Fundi alitoa koili ya pipa la tatu, akaitupa kwenye boksi la vyuma, na hakuizungumzia tena.

Alikuwa na usemi ambao nimeubeba hadi kazini. Hakuuliza kama kitu kimezimwa. Aliuliza: "Kimezimwa na nani?" Ukisema kimezimwa tu, alienda kuangalia mwenyewe. Ukisema nimezima mimi, alikutazama kidogo, kisha akaenda kuangalia mwenyewe. Na kila asubuhi kabla ya kuwasha chochote alisimama mbele ya sanduku, akataja kwa sauti, kidole kikifuata: "Erthi. Fyuzi. Maji. Koili. Mlango." Erthi ni ile waya ya kijani inayoshuka hadi kwenye chuma kilichozikwa ardhini, ambayo stima ikivuja hupitia huko badala ya kupitia kwa mtu. Alinifundisha hivyo kwa maneno hayohayo, na akanifanya niyarudie kama mtoto wa shule. Nilikuwa nikimsikia akitaja kabla sijanywa chai, na moyo wangu ulitulia kwa nusu saa hivi.

Kwa hiyo siku mambo yalipoharibika, nilikuwa nikitazama upande usio wenyewe.

Ilikuwa Jumamosi, saa tano asubuhi, mvua imeanza. Afisa wa afya alikuwa ameahidi kuja Jumatatu kuukagua mtambo, na akiridhika angependekeza Fundi apewe cheti cha kudumu, yaani barua za arusi zingekwisha. Pipa la pili lilikuwa limejaa na lilikuwa katika siku yake ya pili. Kabla ya saa mbili Fundi alikuwa ameniambia anaenda Bungoma kuchukua koili mpya kwa fundi mwenzake, atarudi alasiri. Sikumwuliza ile ya zamani ina nini.

"Kazi yako ni moja," aliniambia akinipa ufunguo. "Usiguse kitu. Kengele ikilia, shusha swichi kubwa ya ukutani, halafu funga mlango."

Nilikaa dirishani kutoka saa mbili. Stima ilipotea mara moja, ikarudi na nguvu, balbu yangu ya jikoni ikamulika kama jua kisha ikatulia. Nilisikiliza. Tak. Nikashukuru. Niliogopa moto. Niliogopa askari wasioambiwa habari za afisa. Niliogopa busaa yenyewe ichachuke vibaya mikononi mwangu. Kengele haikulia.

Mdogo wangu akafika. Yeye ni mchuuzi wa ng'ombe Chwele, na alikuwa amekuja Kitale kuangalia mafahali wawili. Alikuwa amelowa hadi mifupani, na jikoni mwangu nguo za familia nzima zilikuwa zimeanikwa kila mahali.

"Dada, mvua imenimariza," alisema, na huo ndio usemi wetu, l na r hatujawahi kuzitenganisha vizuri.

"Ingia hapo bandani kwa Fundi, kuna joto," nilimwambia. "Nakuletea chai."

Ni mimi niliyesema hivyo. Nimelirudia neno hilo kichwani mara nyingi kuliko sala.

Nilikuwa namimina chai niliposikia sauti kama ya mtu anayetaka kukohoa na kikohozi kinakataa kutoka. Nilikimbia. Mlangoni palikuwa na gambuti zake mbili, zimepangwa vizuri. Alizivua ili asichafue sakafu ya mwenyewe. Alikuwa amesimama bila viatu kwenye maji yaliyotiririka kutoka nguo zake, kikombe cha kuonjea alichokikuta bandani kiko mkono wa kushoto, na mkono wa kulia umeshika bomba la pipa la pili. Au bomba ndilo lililomshika. Macho yake yalinitazama na hayakuweza kusema.

Swichi kubwa ilikuwa ukutani, ng'ambo yake. Nisingeifikia bila kumpita kwenye maji. Karibu na mlango ulitundikwa mwiko mrefu wa mti, wa kukorogea. Niliuchukua, nikampiga mkono. Haukuachia. Nikampiga tena, kwa nguvu zote, nikasikia mfupa. Mara ya tatu alianguka. Niliunyoosha mwiko nikaisukuma swichi chini, na banda zima likanyamaza.

Hakuwa anapumua. Nimewafanyia hivyo watu wengi kazini, kubonyeza kifua na kuhesabu, kupuliza na kuhesabu. Siku hiyo nilimfanyia mdogo wangu. Sijui muda ulikuwa mrefu kiasi gani. Mvua ilikuwa ikipiga mabati kiasi cha kutosikia mwenyewe nikihesabu. Kisha kifua kikajiinua chenyewe, akatapika kidogo, akafungua macho.

"Dada," alisema. "Ng'ombe wako wapi?"

Mwenye kinu cha posho alitutoa kwa pikapu hadi hospitalini.

Fundi alikuja huko alasiri hiyohiyo, bado amevaa koti la safari, koili mpya imefungwa kwenye gazeti chini ya kwapa. Alikuwa amepitia bandani kwanza. Alisimama miguuni pa kitanda. Mdogo wangu alikuwa macho, mkono wake umefungwa mbao na bendeji.

"Ni mimi," Fundi alisema.

"Mama, si ulikuwa Bungoma?"

"Koili ilipasuka Jumatano, ikaanza kuvuja. Kila nikiwasha, swichi inajiangusha, na pipa halishiki joto. Afisa anakuja Jumatatu. Alhamisi nikatoa waya ya erthi, ndiyo isijiangushe. Nikajiambia ni siku tatu tu, na mimi najua mahali pa kugusa." Alinigeukia. "Wewe hukujua. Sikukuambia. Niliona ukijua utakataa kukaa."

Ningekataa. Alijua hivyo sawasawa.

Nilikumbuka asubuhi ya Alhamisi na ya Ijumaa. Nilimsikia akitaja: Erthi. Fyuzi. Maji. Alitaja zote. Jambo hilo ndilo lililonifanya nishindwe kumtazama. Nilitoka nje nikasimama penye mabomba ya kunawia hadi alipoondoka.

Jumatatu afisa alikuja, akakuta mapipa yamefunguliwa na kutenganishwa, busaa imemwagwa shimoni, na mwenye mtambo hayupo. Alikuwa ameenda Chwele.

Yaliyotokea Chwele niliyasikia kwa mke wa mdogo wangu, ambaye hakuwahi kumpenda mtu wa mjini. Alisema mama mmoja mwenye miwani ya uzi alishuka kwenye bodaboda, akauliza nyumba, akaomba wazee wa boma waitwe. Walipokuja, alisimama. Aliwaambia: "Nilitoa waya kwa mkono wangu, kijana wenu akakaribia kufa, na vidole viwili pengine havitanyooka tena." Wazee ni watu wa adabu, walimpa njia ya kujitoa. Mmoja alisema stima ni kitu ya ajabu, haina mwenyewe. Mwingine akasema labda ni mkono wa mtu mwenye wivu.

"Hapana," aliwajibu. "Ina mwenyewe. Ni yangu."

Walimwambia akae, anywe chai. Alikaa, akanywa. Mke wa mdogo wangu alisema alikuwa amejiandaa kumtukana, alikuwa hata amepanga maneno, lakini ungemtukana vipi mtu aliyemaliza kujitukana mbele yako?

Vidole havikunyooka, kile cha mwisho na mwenzake wa karibu. Mkono wenyewe niliuvunja mimi kwa mwiko, na huo ulipona vizuri.

Mimi sikumsamehe kwa wepesi wa wazee. Miezi mitano tulipishana kinuni na sokoni tukisalimiana kwa kichwa. Chumvi yangu ikawa haiishi. Dirisha la jikoni, ambalo nililitazama kwa hofu miaka yote hiyo, sasa nililitazama kwa hofu ya namna nyingine: banda lilikuwa kimya moja kwa moja, na kila asubuhi nilijikuta nangoja kusikia akitaja orodha yake. Asubuhi moja nikasikia gari. Mapipa yalikuwa yakipakiwa. Nilitoka hadi kwenye pengo la ua.

"Unaenda wapi?"

"Naitiri. Kuna shamba la marehemu mume wangu."

"Kuna stima huko?"

"Imefika hadi sokoni."

Nilirudi ndani, nikaikuta chai yangu imepoa, nikaimwaga.

Miaka ikapita. Nilihamishwa kituo, nikazoea dirisha lingine. Kisha ikaja Agosti ya mwaka wa shufwa, na kwetu hiyo ndiyo Agosti ya tohara. Kijana wa mdogo wangu alikuwa wa kutahiriwa. Bila busaa wazee hawakai, na miezi ile watu walikuwa wameletwa zahanatini kwangu tena kwa vitu vya mitungi. Barua ya chifu ilikuwepo. Swali lilikuwa ni nani atapika, na kila jina lililotajwa niliona mtungi.

Mdogo wangu ndiye aliyesema. "Si twende kwa yule mama wa Naitiri."

Nilidhani anatania. Alikuwa tayari anatafuta ufunguo wa pikapu.

Barabara ilikuwa ya matope na mahindi yalikuwa yamepita urefu wa gari pande zote mbili. Aliendesha kwa mkono wa kushoto zaidi, na wa kulia aliuweka juu ya usukani tu, vidole viwili vimejikunja. Niliuliza mara tatu kama ana hakika. Mara ya tatu aliniambia ninyamaze kwa heshima zote.

Hatukuhitaji kuuliza sana. Watu walituelekeza kwa Fundi, na mmoja alitwambia, "Mtakuta mama, mwambieni yeye."

Alikuwa amezeeka kwa haraka. Mgongo umeinama, miwani ilikuwa mipya. Alitutambua kutoka mbali, akafuta mikono kwenye kitambaa, akatungojea mlangoni mwa banda la matofali. Alinisalimia mimi, kisha akamsalimia mdogo wangu kwa mikono miwili, na hakuutazama mkono wake kwa siri kama wanavyofanya watu. Aliutazama wazi.

"Kijana wetu anaingia tohara," nilisema.

"Barua iko?"

Nilimpa. Aliisoma yote. "Hii ni tohara ya kweli," alisema. "Nitapika. Ingieni muone mahali itatoka."

Mimi niliingia. Mapipa yalikuwa matatu yaleyale, yamesuguliwa. Sakafu sasa ilikuwa imeinuliwa kwa mbao, na waya ya kijani ilitoka kila pipa, nene kama kamba ya ng'ombe, ikipita mbele ya ukuta ambapo kila mtu angeiona. Taa ya njano, ile ya kuonyesha koili ina stima, ilikuwa inawaka. Pembeni palikuwa na kigoda, na karibu nacho sahani na kikombe, nikaelewa kwamba hapo ndipo anapokaa mtambo ukiwa kazini. Haondoki.

Mdogo wangu alibaki nje, juu ya nyasi.

"Mama, mimi nitangoja tu hapa."

"Sawa," Fundi alisema.

Hakumbembeleza. Alienda hadi pipa la pili, akaangalia taa ya njano, na akaweka viganja vyake vyote viwili juu ya chuma, vimefunguliwa. Akasimama hivyo, amempa mlango mgongo.

Tak, thamostati ilisema. Yeye hakusogea. Nilitaka kumwambia inatosha, nimeona, sote tumeona, lakini sikuwa mimi aliyekuwa akiambiwa. Nje kuku walikuwa wakiparua. Nilimwona mdogo wangu akitazama mgongo ule, akatazama barabara, akatazama pikapu yake. Muda ulipita mrefu kiasi kwamba magoti ya mama yule yalianza kutetemeka, kwanza moja, kisha yote mawili, na bado hakuiondoa mikono.

Mdogo wangu alikuja. Alipanda ile sakafu ya mbao akiwa na viatu vyake, taratibu, kama mtu anayeingia mto asioujua kina chake. Hakugusa pipa. Alipita nyuma ya Fundi, akainama, akavuta kigoda kwa mkono wake wenye vidole viwili vilivyojikunja, akamwekea.

"Kaa, mama," alisema.

Fundi aliketi, lakini mikono hakuitoa.